Hariri ya Rubani Aliyetua Mihogoni

Hapo zamani, Mwingereza na Mtaliano walipokuwa wakipigana, sisi tukiwa katikati, nguo ziliadimika mpaka watu wakavaa magunia. Huko Mwangoji, kijiji kilicho chini ya vilima vya mpakani, hata jumbe alivaa gunia. Jumbe huyo aliitwa Righa. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la mbele na maneno machache, na duniani aliogopa vitu viwili: kesi, na mama mkwe wake. Sasa sikilizeni jinsi vitu hivyo viwili vilivyomjia kwa pamoja.

Asubuhi moja mvumo ulisikika. Watu wakatazama juu. Ndege za mabomu za Mwingereza zilikuwa zikipita, nzito, polepole, kama ng'ombe wenye mimba, na ubavuni mwake ndege ndogo mbili za kuzilinda. Mara kutoka nyuma ya mlima zikachomoza ndege za Mtaliano, zimekuja kuzizuia. Ta-ta-ta-ta! Walinzi wakageuka, wazuiaji wakageuka, huyu akamfukuza yule, yule akamfukuza huyu, anga yote ikanguruma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Righa alikimbilia chini ya kitanda chake, akakuta mkewe Mshai ameshajaza nafasi. Akabaki nje kuanzia kiunoni, akimwomba Mungu ailinde sehemu iliyobaki nje.

Kelele zilipokwisha, watu wakatoka. Ndege za mabomu zimekwenda zake salama. Ndege moja ya Mtaliano imezamisha pua kinamasini. Na rubani wake anashuka kutoka mbinguni taratibu, ananing'inia chini ya mwavuli mkubwa mweupe, akatua puu! katikati ya mihogo ya Righa, akateguka kifundo cha mguu.

Rubani huyo aliitwa Otavio. Alikuwa amekaa Kismayu, na mpishi wake alikuwa Mbajuni, kwa hiyo alijua Kiswahili cha jikoni. Neno lake la kwanza kwa jumbe lilikuwa: "Maji moto iko?"

Jioni ile ofisa wa Kiingereza akafika na lori. Akaikagua ndege kinamasini, mbele na nyuma, juu na chini, asione tundu hata moja la risasi. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Jumbe," akasema, "ndege hii haikuangushwa na watu wetu. Imeangushwa na mtu wa hapa. Kitambaa hiki cha mwavuli ni hariri tupu. Apewe huyo aliyeiangusha, mtu mmoja. Mkikikata vipande nitakichukua chote. Nikirudi Ijumaa kumchukua mfungwa, utanitajia jina."

Akaondoka. Righa akabaki na mfungwa, na hariri ya kujaza chumba, na kijiji kizima cha magunia kikimtazama.

Kulipopambazuka tu, mlango ukabishwa. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Mkawasi. Righa akainamisha macho kama adabu inavyotaka, akaongea na vidole vya miguu ya bibi yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Ndege nimeiangusha mimi. Nilikuwa nachoma magugu mabichi shambani. Moshi wangu ulipanda ukawa mweupe kama mawingu. Huyo Mtaliano akaingia ndani ya moshi, akapotewa na wale aliokuwa akiwafukuza, akalazimika kushuka chini kutafuta njia. Bila moshi wangu asingeshuka. Na unajua Nyambu, mdogo wake mkeo, anaolewa mwezi huu. Unataka shemeji yako aolewe na chapa ya sukari mgongoni?"

Kabla Righa hajajibu vidole vile, akaingia Shako, fundi wa mapaa. Mkewe alikuwa amejifungua pacha, na pacha hao walikuwa wamefungwa katika bendera ya zamani ya stesheni ya reli.

"Jumbe, usidanganywe na moshi," Shako akasema. "Moshi unamliza mtu, haumwangushi. Mimi nilikuwa juu ya paa la zahanati napigilia bati jipya. Jua likalipiga bati, bati likampiga yeye machoni. Nilimwona kwa macho yangu akijifunika uso! Akakata kona ghafla kuelekea mashamba ya mtama. Bila bati langu asingekata kona."

"Na huko mtamani kulikuwa na nani?" sauti ikauliza dirishani. Alikuwa Kilambo, mwamia ndege wa kijiji, anayewafukuza wasile mtama, mzee aliyefiwa na mke ambaye gunia lake lilikuwa limetoboka mahali pabaya, hata akawa anatembea kinyumenyume mbele ya wanawake. "Kulikuwa na mimi na kombeo langu. Nilipoiona ndege ile nikadhani ni ndege kama ndege wengine, maana kazi yangu ni ndege. Nikavurumisha jiwe. Jiwe likaikosa, likatua katika kundi la kweleakwelea, wakaruka wote kwa pamoja, wakaingia katika injini. Injini ikakohoa. Jumbe, moshi haukukohoza injini. Bati halikukohoza injini. Kombeo limekohoza injini!"

Wakaanza kusema wote watatu kwa pamoja. Righa akasema neno la kwanza lililomjia, ili tu wanyamaze: "Turudie vita."

"Turudie nini?"

"Vita. Pale uwanja wa soko. Tuvione upya tangu mwanzo, kila mtu afanye alivyofanya."

Kijiji kikaona ni shauri zuri ajabu. Akina mama watatu wanene wa kwaya wakawa ndege za mabomu, kila mmoja na boga kichwani. Vijana wawili wakawa walinzi. Bi Mkawasi akawasha magugu, Shako akapanda meza na kipande cha bati, Kilambo akashika kombeo, na watoto wote wakawa kweleakwelea. Lakini ilipofika ndege ya adui, hakuna aliyekubali. Nani anataka kushindwa mbele ya kijiji kizima? Mwishowe macho yote yakamgeukia jumbe.

Basi Righa akatandaza mikono. "Vuuuu," akasema kwa aibu.

"Huyo ni ndege au ni mtu anayeumwa jino?" Bi Mkawasi akauliza.

"VUUUUU!" Righa akatimka. Akawafukuza akina mama wa kwaya, mabogani kukawa na mayowe, walinzi wakamfukuza yeye, akaingia katika moshi, asione kitu, akatokea upande wa pili akikohoa na kumkumba mama mkwe wake kifuani. Uwanja mzima ukashika kichwa. Mkwe amemgusa mama mkwe! Righa alitamani kinamasi kimmeze pamoja na ile ndege.

"Hapana!" Shako akapiga kelele juu ya meza. "Hukufika kwenye bati! Rudia!"

Wakarudia. Safari hii bati likang'aa vizuri, lakini Righa akakata kona upande usio wake, kweleakwelea wakamrukia mlinzi wa watu. Wakarudia tena, siku hiyo na siku zilizofuata. Boga moja likapasuka. Kilambo akavurumisha jiwe la kweli kwa kusahau, na meza ya Shako ikavunjika mguu.

Otavio alikuwa amekaa pembeni juu ya kinu, mguu umefungwa kitambaa. Kwa muda mrefu alivumilia. Lakini alipomwona Righa akipita kwa mara nyingine, mikono imelegea na gunia limeshuka, akasimama. "Hapana, hapana! Mimi hapana ruka kama kuku! Toka!"

Akatandaza mikono, akaruka kwa mguu mmoja. Na kweli, mtu yule alijua kuruka. Aliinama upande, akapanda, akashuka, mpaka akina mama wa kwaya wakasahau kwamba ni adui wakaanza kumshangilia. Akaingia moshini, akatoka chini kabisa. "Kweli moshi!" akasema. Bi Mkawasi akapiga kigelegele. Bati likang'aa, akafunika macho, akakata kona. "Kweli bati!" Kweleakwelea wakamvamia, akakohoa, koho-koho-koho. "Kweli ndege!" Kilambo akasahau tundu lake, akageuka kuwainamia watu wote.

"Haya, sasa anguka!" wakampigia kelele.

Lakini Otavio hakuanguka. Akaendelea kuruka kwa mguu mmoja, polepole, kuelekea upande wa mlima.

"Anguka, wewe!"

"Bado," akasema. Akamwita mlinzi mmoja asimame ubavuni mwake, karibu kabisa, uso kwa uso. "Injini nakohoa, lakini nakwenda. Mimi naweza fika nyumbani. Huyu Mwingereza nakuja hapa, karibu. Risasi yake nakwisha, ya mimi nakwisha. Mimi naona uso yake. Mtoto tu, ndevu hapana. Yeye nafanya mkono hivi: nenda, nenda nyumbani." Akaushusha mkono. "Mimi nafikiri: nikienda, kesho napanda tena. Yeye kesho napanda tena. Risasi kesho iko. Basi. Mimi nafungua mkanda, naruka."

Akakaa chini vumbini.

"Ofisa nasema kitambaa ya mtu naangusha ndege," Otavio akasema. "Naangusha mimi. Mimi nakwenda kambi ya wafungwa. Kule baridi. Nipe kitambaa."

"Loo!" Bi Mkawasi akaruka. "Mbuzi wa watu akijiingiza zizini mwangu, ataniomba na kamba?"

"Lakini mama," Shako akasema, "kama angeweza kurudi kwao, basi moshi wako haukumwangusha."

"Wala bati lako," Kilambo akasema.

"Wala kombeo lako!" wakamjibu wote wawili.

"Mtu haruki nje ya ndege isiyokohoa!" Kilambo akabisha. "Mtu huyu asingepata hata muda wa kufikiri!"

"Na asingeshuka asingekohoa!"

"Na asingekata kona asingewaona kweleakwelea!"

Mshai, mke wa jumbe, akamnong'oneza mumewe: "Huyu kijana amelala kwetu, nimemsikia akitetemeka. Lakini Nyambu ni mdogo wangu. Usiniulize mimi."

Hapo ndipo lori lilipovuma likipanda kilima. Ilikuwa Ijumaa, na hakuna aliyekumbuka. Ofisa akashuka, akaangalia maboga, moshi, meza iliyovunjika, na mfungwa wake amekaa vumbini katikati ya watoto. Hakuuliza. "Haya, jumbe. Jina."

Righa alisimama na hariri mikononi, nyeupe, nyepesi, imejaa upepo. Upande huu mama mkwe, upande ule pacha walio ndani ya bendera. Nyuma Kilambo, ambaye hakuweza kusimama mbele ya mtu. Chini, Otavio, na mguu wake. Akafungua mdomo, akalitaja jina moja.

Jina hilo mimi ninalijua, na nusu ya Mwangoji haijamsamehe Righa. Lakini sitalitoa kabla yenu. Semeni ninyi, mliokaa mkicheka: yule aliyemshusha, yule aliyempofusha, yule aliyeikohoza injini, au yule aliyekataa kurudi? Mngekuwa ninyi ndio Righa, na mama mkwe anawatazama, hariri mngemkabidhi nani?