Nyama Iliyokaa Mno Kwenye Papai

Usiipite hii. Isome, kisha mpelekee mwanamke yeyote unayempenda.

Palikuwa na mpishi wa harusi, Bi Zamzam. Kwa mishkaki yake, watu walikwenda hata harusi wasizoalikwa.

Siku moja alishika kivimbe kwenye titi. Daktari akampima, akamwambia ni saratani.

"Bado imezungukwa na ukuta mwembamba," alisema. "Lakini inatoa vimeng'enya vinavyoula ukuta huo. Ukitoboka, itaingia kwenye damu na kusambaa. Tuitoe wiki hii."

"Vimeng'enya ndio wadudu gani, daktari?"

"Si wadudu. Ni mfano wa papai bichi unalopaka nyama. Halipigi wala halikati, lakini nyama inalainika na kuachia."

"Mbona siumwi?"

"Nyama nayo hailalamiki."

Bi Zamzam akacheka, ila moyoni aliogopa. Harusi ya binti wa shoga yake, Bi Shamsa, ilikuwa imekaribia, na kumwaibisha hakutaka. Akasema atarudi baada ya harusi.

Siku ilipofika, alipaka nyama papai kama kawaida, muda mfupi kabla ya kuchoma. Mvua ikaukwamisha njiani msafara wa bwana harusi. Nyama ikakaa, ikakaa.

Wageni walipoingia, akaanza kuitunga kwenye vijiti. Pande la kwanza likaporomoka mkononi. La pili likawa uji. Na kwa macho, sufuria nzima ilionekana nyama nzuri tu.

Mkono wake ukaenda wenyewe kifuani. Akakumbuka maneno ya daktari.

Bi Shamsa akaingia jikoni amefura. "Zamzam, wakwe wanangoja! Umenifanyia nini?"

Bi Zamzam akamweleza yote pale pale, machozi yakimdondoka. Wapishi wenzake wakangoja matusi.

Bi Shamsa akamfungua kanga ya kazi kiunoni. "Twende hospitali. Pilau la harusi atalimalizia mwingine. La hitima yako mimi sitaki kulila."

Bibi harusi akaachiwa shangazi zake.

Bi Zamzam akapasuliwa. Alipozinduka, daktari alimwambia kwamba ukuta ulikuwa haujatoboka, ila umeliwa hadi ukabaki kama ganda la kitunguu.

Funzo: Ugonjwa usiouma haujalala, uko kazini. Usicheleweshe matibabu kwa kuogopa kuwaudhi watu. Akupendaye atakusamehe mishkaki iliyoharibika, lakini kaburi lako hatalisamehe.