Shimo Lililoimba

Hodi, hadithi ipo mlangoni!
*Iingie, mkeka tumeshautandika!*
Imekuja na njaa!
*Tutailisha masikio!*

Haya, basi sogeeni. Na huyo kuku mtoeni nje, asije akaniparua katikati ya maneno.

Hapo kale wanyama wa mbugani walikuwa wanaomba mvua kwa ngoma. Mawingu yakichelewa, wanatoka wote uwanjani. Wanacheza mpaka vumbi linapanda juu, na vumbi likifika juu, mvua inashuka. Bila ngoma hakuna kucheza, bila kucheza hakuna mvua.

Na mpiga ngoma nani? Fisi. Nani alimchagua? Hakuna. Ila nani wa kumwambia ainuke?

Kupiga alijua, tusimsingizie. Gudu-gudu, pa! Gudu-gudu, pa! Lakini ngoma ina ngozi, na fisi ni fisi. Anapiga, harufu inampanda puani. Anapiga, mate yanamdondoka. Wenzake wakishaondoka, analamba kidogo hapa pembeni. Kisha anatafuna kidogo. Mara ngozi haipo, umebaki mzinga mtupu.

Hapo anapita anapiga kelele: "Ngoma imepasuka! Nataka ngozi!"

"Ngozi ya nani, Bwana Fisi?"

"Ya mtoto wa Swala."

Swala akalia, mtoto akaenda.

Mwaka wa pili: "Ngoma imepasuka! Nataka ngozi!"

"Ngozi ya nani, Bwana Fisi?"

"Ya mtoto wa Digidigi."

Digidigi akalia, mtoto akaenda.

Alama za meno pale kwenye mzinga wote waliziona. Kobe naye aliziona, akanyamaza. Kobe mgongo wake mfupa mtupu, ngozi yake nani ataitaka?

Mwaka wa tatu Fisi akasimama mlangoni kwa Bi Sange. Sange mnamjua, yule kama panya, mwenye kapua karefu kanakochezacheza. Alikuwa mjane. Mumewe alinaswa na mtego, kamwachia binti mmoja tu, Kidosho.

"Ngoma imepasuka!"

"Pole, baba."

"Nataka ngozi!"

"Ngozi ya nani?"

"Ya Kidosho. Safari hii nataka kangoma kadogo, kalie ti-ti-ti."

Bi Sange akajifuta pua, akasema, "Bwana Fisi, ngozi ya mwanangu haifuniki hata kibuyu cha chumvi. Nipe siku tatu nikutengenezee ngoma isiyo na ngozi. Haipasuki milele."

Fisi akacheka, hii-hii-hii! "Ngoma bila ngozi? Bibi we, una homa?"

"Italia kama radi. Ikikataa kulia, tuchukue wote wawili, mama na mwana."

Fisi akapiga hesabu. Mmoja leo, wawili keshokutwa. "Siku tatu," akasema, akaondoka anajilamba.

Kidosho akauliza, "Mama, ngoma isiyo na ngozi unaijua?"

"Siijui, mwanangu."

"Sasa?"

"Sasa wewe kula. Mie nikatafute."

Akatafuta siku ya kwanza, hola. Siku ya pili miguu ikampeleka mahali asipopapenda, pale mumewe aliponaswa. Mtego ulikuwa bado upo: kishimo kimefunikwa gome la mti, na ufito umepindwa, na kamba imekaza kati ya ufito na gome. Bi Sange akakaa chini, akalia sana. Upepo ukapita, ukaigusa kamba.

Ndumm.

Akanyamaza. Akanyoosha kapua kake, akaigusa kamba. Ndumm! Sauti inatoka chini, ardhini.

"Baba Kidosho," akasema, "kumbe hukutuacha hivihivi."

Akakimbia nyumbani. Akachimba kishimo cha kiasi cha chungu cha mboga. Akakifunika gome, akalikaza pembeni kwa vijiti. Akalitoboa gome katikati, akapitisha kamba. Kando akachomeka ufito, akaupinda, akaifunga kamba kwenye ncha. Akapiga kwa kidole: ndumm! Akaupinda ufito zaidi: ndimm! Akaulegeza: ndooom. Kishimo kinaimba, Kidosho anarukaruka.

Siku ya tatu wanyama wakaja. Bi Sange akapiga, ndumm, ndimm, ndooom, na nyayo zenyewe zikaanza kucheza. Hata Kobe aliutoa mguu mmoja. Vumbi likaanza kupanda.

Fisi akaona wivu. "Acha! Mpiga ngoma ni mimi. Nipe!"

"Ichukue, baba."

Fisi akang'oa ufito, akang'oa gome, akazoa kamba, mbio mpaka kwake. Akaviweka chini, akapiga. Kwe. Akapiga tena. Kwe. Akarudi navyo, macho mekundu.

"Umeificha sauti!"

"Sijaificha, Bwana. Umebeba kamba, shimo umeliacha. Sauti inakaa shimoni."

"Basi nalichukua na shimo."

"Lichukue."

Fisi akachimba kulizunguka lile shimo, ling'oke kama muhogo. Anachimba, haling'oki. Anachimba, linapanuka tu. Bi Sange akarudisha gome juu, na ufito na kamba yake, akapiga. DOOOM!

Fisi masikio yakasimama. "Mbona imekuwa nene?"

"Shimo likikua, sauti inakua."

"Nataka ya radi! Ulisema radi!"

"Basi chimba, Bwana."

Fisi akaingia, akachimba. Udongo unaruka, faa, faa, faa! "Tayari?"

"Hiyo ya mbuzi. Chimba."

Faa, faa, faa! "Tayari?"

"Hiyo ya ng'ombe. Chimba."

Faa, faa, faa! "Tayari?"

"Hiyo ya simba. Kama inakutosha, toka."

"Hainitoshi! Nataka radi!"

Akachimba mpaka mgongo hauonekani, mpaka masikio hayaonekani. Bi Sange akakonyeza. Swala na Digidigi wakaburuta gome kubwa la mti mkavu, wakafunika nalo shimo, wakalipigilia vigingi pembeni, Bi Sange akaifunga kamba katikati. Bi Sange akamgeukia Kobe. "We mzee wa kunyamaza, njoo unyamazie hapa juu." Kobe akaja, akajikalisha pembeni ya gome, tii!

"Mbona giza?" Fisi akauliza kule chini.

"Mawingu, Bwana! Mvua inakuja!"

"Nitoeni! Uuuu-wip! Uuuuuu-wip!"

Loo! Gome likatetemeka, kamba ikatetemeka, nchi ikatetemeka. DOOOOM! Ndiyo radi yenyewe, na Bi Sange anaipiga kamba. Wanyama wakacheza, vumbi likapanda, likafika juu. Na mvua ikashuka, wanangu, ikashuka ya kumwaga kwa ndoo.

Maji yakaanza kuingia shimoni.

"Yamefika magotini!" Fisi akalia. "Yamefika tumboni! Sitaki ngozi tena! Ya mtu yeyote!"

Bi Sange akaacha kupiga. Akamtazama Swala, akamtazama Digidigi. "Mimi wangu yuko hai," akasema. "Semeni nyie."

Digidigi akageuka pembeni. Swala naye mvua inamchuruzika usoni, hujui ipi mvua ipi machozi. Halafu akasema, "Mtoeni. Akifa humo wangu atarudi?"

Wakafunua gome, wakamteremshia ufito. Fisi akatoka mkia katikati ya miguu, hata asante hakusema, mbio porini. Toka siku hiyo mbugani haitafutwi ngozi ya mtoto wa mtu. Mawingu yakichelewa, wanachimba kishimo. Fisi ukimsikia analia kule mbali, uuuu-wip, anaitafuta radi yake.

Sasa fundisho. Watu wazima hupenda kusema mchimba shimo huingia mwenyewe. Uongo! Bi Sange si ndiye aliyechimba la kwanza? Aliingia? Basi wajukuu zangu, fundisho la hadithi hii ni hili: chimbeni mashimo, ila yawe madogo. La kubwa mwachieni mwenye tamaa.

Hadithi imeshiba!
*Ikanawe mikono!*
Imeaga!
*Isindikizwe, kuna tope njiani!*