Amplifaya ya Marehemu Mihambo

"Fyuzi haifi bure," alisema Babu Maganga, mlezi wa bweni, akiuchomoa msumari ambao Method alikuwa ameuchomeka mahali pa fyuzi ili aendelee kupiga pasi. Swichi kubwa ilikuwa imezimwa. Wavulana walisimama na mashati yao yenye makunyanzi, wametulia kama wafiwa.

"Babu, kwani fyuzi ina roho?" Method aliuliza. "Au methali hiyo umeitunga leo, kwa heshima ya marehemu wetu?"

"Ilizaliwa Tabora, kwenye dansi," alijibu mzee. "Kaa chini, chanzo chake ni hiki."

Nkwabi alirithi kwa kaka yake, Mihambo, bendi moja na amplifaya moja. Ilikuwa amplifaya ya valvu, yale mataa ya kioo ambayo lazima yapate moto kwanza ndipo gitaa lisikike. Mihambo aliiunda mwenyewe. Transfoma aliisuka kwa mkono, waya juu ya waya, na kila kiungo kilishikwa na lehemu yake. Alipofariki, Nkwabi aliapa kwamba bisibisi ya mtu mwingine haitagusa skrubu zile.

Gitaa likipita humo, lilitoka na sauti ya Mihambo: nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama mtu aliyetaka kukohoa akajizuia. Mama yao, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kuzima, aliletwa ukumbini kila Jumapili alasiri na kukalishwa karibu na spika. Hakuja kwa ajili ya dansi. Alikuja kumsikia mwanawe.

Jumapili moja, kabla wimbo wa pili haujafika kwenye kiitikio, fyuzi ilikata.

"Mbona amenyamaza?" mama aliuliza.

"Anapumzika, mama," Nkwabi alisema, akaweka fyuzi nyingine. Nayo ikakata. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Nkwabi alizitukana fyuzi, akamtukana na aliyeziuza.

Kulwa, mpiga besi, aliinama nyuma ya amplifaya. Ndani ya valvu moja, bati lilikuwa limeiva, jekundu kama kaa la moto.

"Kaka, fyuzi haifi bure," alisema. "Kuna kitu humo kinaiua. Tumpe fundi aifungue."

"Wewe piga besi. Nyuzi nne tu zinakutoa jasho, leo unataka kuziuguza valvu?"

Wenzao walicheka. Kulwa hakucheka.

"Sitanii, kaka. Itaungua."

"Mikono ya Mihambo imo humo!" Nkwabi alifoka. "Nimzike mara moja, halafu nimfukue kwa bisibisi?"

Nkwabi akachukua pakiti ya sigara, akatoa ile karatasi ya ndani inayong'aa, akaiviringisha kwenye fyuzi iliyokufa na kuirudisha mahali pake. Sasa haikuwa na uwezo wa kukata tena.

Siku hiyo gitaa lililia kuliko siku zote. Wachezaji walisimama kusikiliza. Mama aliinua uso, akatabasamu, akaliita jina la mwanawe polepole. Nkwabi alifumba macho, akapiga kama mtu aliyesamehewa.

Harufu ndiyo iliyomfumbua macho. Moshi mzito ulikuwa ukitoka nyuma ya amplifaya, na mtu alikuwa akipiga kelele kwamba wazime umeme. Walipozima, sauti ilikuwa imekwisha kuondoka.

Ndipo ilipofunguliwa, bisibisi ikiwa haina tena cha kuharibu. Fundi alionyesha kapasita moja, kidude kama punje ya haragwe, iliyokuwa ikivujisha umeme. Hiyo ndiyo iliyoifanya valvu inywe umeme kupita kiasi. Kama ingebadilishwa mapema, kazi yote ya Mihambo ingebaki. Lakini transfoma aliyoisuka ilikuwa donge jeusi.

Fundi aliweka transfoma ya dukani na valvu mpya. Jumapili ya kwanza, Nkwabi alipiga wimbo uleule. Fyuzi haikukata. Sauti ilitoka safi, laini, bila mkwaruzo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Anapiga vizuri," alisema. "Ni nani huyu?"

Hakuletwa tena ukumbini. Alikataa.

Tangu hapo, mtu yeyote wa bendi akilalamika, hata kwa jambo dogo, Nkwabi aliweka gitaa chini na kumwambia, "Sema. Fyuzi haifi bure."

Babu Maganga aliinyanyua pasi ya Method na kuupitisha waya wake vidoleni, polepole, mpaka karibu na mpini. Hapo ganda lilikuwa limechunika, shaba ikichungulia, mahali hasa ambapo kiganja cha mpiga pasi hupita.

Method aliutazama waya, akautazama mkono wake.

"Sema sasa," mzee alimwambia.

"Fyuzi haifi bure," alisema Method, kwa sauti ndogo.