Jicho la Kunde

Osha kunde, jicho liache. Mmeisikia asubuhi hii kwa fundi anayepaka rangi ukuta wa kanisa, mkacheka mkidhani anazungumza habari za mapishi, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, niwaeleze. Methali hii hatukuirithi kwa mababu. Imezaliwa papa hapa Mwarungu, katika milima hii, wakati baadhi yenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni, na imeanzia kwa mwanamke mmoja mchoraji aliyeitwa Wakesho.

Wakesho na mumewe Mwadime walikuwa na chumba cha kazi juu ya duka la pembejeo, pale barabara inapopinda kuelekea sokoni. Walichora mabango, kadi za harusi na karatasi za kubandika kwenye chupa za asali. Kompyuta zilipofika, wakajifunza kuchora kwa kompyuta. Meza zao zilitazamana, na mmoja akiinua macho alikutana na uso wa mwenzake. Hawakujaliwa watoto. Kazi zao ndizo zilizozunguka mjini zikiwatangaza.

Mwaka mmoja mvua zilikosekana na fedha zikaadimika. Huyu ana ndizi, yule ana mayai, lakini hakuna shilingi ya kuwakutanisha. Chama cha ushirika cha sokoni kikaanzisha sarafu yake ya kidijitali, isiyo noti wala chuma. Iliishi ndani ya simu, na hata simu ya bei ndogo iliweza kuibeba. Wakaiita Kunde, kwa sababu mwaka ule kunde ndizo zilizotuvusha.

Nembo ya sarafu hiyo aliichora Mwadime. Ilikuwa punje ya kunde yenye rangi ya maziwa na jicho jeusi. Aliichora kwa brashi na wino, na lile jicho likaegemea upande, kama mtu aliyeketi na mwenzake akamgeukia kidogo amsikilize.

“Jicho limekwenda kombo,” Wakesho alimwambia. “Linyooshe.”

“Likitazama mbele tu, litakuwa jicho la samaki,” Mwadime akajibu. “Acha limtazame jirani.”

Likaachwa hivyo. Kila kibanda kilichopokea Kunde kikatundika bango lenye punje ile. Asiyejua kusoma alilitazama jicho, akajua kwamba hapo atahudumiwa. Kwenye simu vilevile, Kunde zikiingia, punje ilijitokeza kwanza, kisha tarakimu zikafuata. Watu wakalizoea jicho lile kama wanavyoizoea sauti ya mtu wa nyumbani.

Baada ya miaka kadhaa Mwadime akaugua figo. Alipelekwa hospitali, akarudishwa, akapelekwa tena, na safari ya mwisho akarudishwa kuzikwa. Watu walikuja kwa wingi. Matanga yalipoanuliwa kila mtu alishika njia yake, kama ilivyo desturi, na Wakesho akarudi kwenye kile chumba cha juu ya duka la pembejeo.

Siku ya kwanza aliinua macho, akaiona meza ya pili. Siku ya pili aliigeuza meza yake ikatazama ukuta. Ila lile bango la Kunde lililotundikwa mlangoni mwa duka hakuweza kuligeuza, kwani halikuwa lake. Kila asubuhi alipopanda ngazi lilikuwa pale, na jicho lake la upande. Akaanza kupanda kwa ngazi za nyuma, zinazopitia penye magunia ya mbolea. Mwenye duka alimwona, asimwulize. Watu wa hapa hatuulizi mambo kama hayo. Tunadhani ni heshima.

Alizungumza na wateja, akawatolea kazi zao kwa wakati. Jioni alifunga mlango, akaenda nyumbani, akafungua mlango mwingine. Kati ya mlango na mlango kulikuwa na salamu za njiani, basi.

Ndipo Bwana Malemba, mwenyekiti wa ushirika, alipopanda ngazi akiwa na habari. Kunde ilikuwa imeenea hadi tambarare na miji ya chini iliitaka. Lakini nembo ile ya brashi ilikuwa na mistari mingi mno, na kwenye simu mpya ilionekana kama doa.

“Kuna mtu wa chini ameniuliza kama ni inzi aliyekanyagwa,” Malemba alisema. “Dada Wakesho, tunataka uichore upya. Ing’ae, iwe ya wakati huu. Ila anayeijua asiikose.”

Wakesho alikubali. Malemba alipoondoka, akaufungua ule mchoro wa zamani kwenye kompyuta. Akaiona mikwaruzo ya brashi, na pale wino ulipozidi, na lile jicho. Akaufunga. Akachora bila kuutazama tena.

Alichokichora kilikuwa kizuri, sitawadanganya. Punje ya dhahabu, laini, yenye mzingo mmoja usio na kasoro. Aliipeleka mbele ya kamati, na wote wakaisifu. Malemba peke yake ndiye aliyeishika ile karatasi kwa muda.

“Na jicho?” akauliza.

“Nembo ndogo haibebi mambo mengi, Mwenyekiti. Jicho linaichafua.”

Malemba alikuwa mtu wa kuheshimu mafundi. Akatikisa kichwa kukubali. Wakesho alitoka kikaoni akiwa mwepesi, kama mtu aliyekwisha toa kitanda cha marehemu chumbani. Siku chache baadaye mabango yote yalibadilishwa, na lile la mlangoni mwa duka likaondoka na mengine. Akapanda kwa ngazi za mbele.

Kilichofuata hakukitegemea. Siku ya soko akina mama walifungua simu zao, wakaona kitu cha dhahabu wasichokijua. Mmoja alisema ni yai. Mwingine akasema ni punje ya mahindi, basi hiyo ni sarafu ya watu wa mahindi. Adhuhuri tayari habari zilikuwa zimeenea kwamba Kunde imeuzwa kwa matajiri wa mjini na yeyote aliye nayo ameshaipoteza. Wauzaji wakakataa kuipokea. Wanunuzi wakarudi na vikapu vitupu, na ndizi zikabaki zinaiva juani. Kamati ilizunguka na kipaza sauti ikieleza kwamba Kunde ni ileile, lakini unapomwambia mtu kwamba kitu ni kilekile naye anaona si kile, anazidi kukuogopa.

Wakesho alisikia kipaza sauti kutoka dirishani. Alijiambia kwamba watazoea. Watu huzoea.

Wiki ikapita, wasizoee. Asubuhi moja akasikia mtu akipanda ngazi taratibu, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa. Alikuwa mwanamke mzee, kitambaa kichwani, simu ndogo ameifunga kwenye pindo la kanga. Wakesho alimfahamu kwa sura tu: Mama Mkamburi, aliyeuza viazi vikuu upande wa juu wa soko.

Akampisha kiti. Mama Mkamburi aliketi, akavuta pumzi, akafungua lile pindo.

“Wanasema wewe ndiwe mchoraji wa mambo ya Kunde.”

“Ndimi, mama.”

“Mimi sijui kusoma. Binti yangu yuko chini huko, tambarare. Kila asubuhi hunitumia Kunde kidogo, hata ya kununulia kiberiti tu. Si kwa ajili ya kiberiti. Nikimwona yule anayetazama kando ametokea kwenye simu, najua binti ameamka salama. Sasa anatokea mwingine. Nikadhani ni wezi, nikaizima simu.” Akaiweka mezani. “Nimekuja kuuliza. Yule aliyekuwa anatazama kando, amekufa?”

Wakesho alitaka kumweleza habari za nembo na simu mpya.

“Amekufa, mama,” alisema.

Mama Mkamburi akainamisha kichwa. “Pole sana, mwanangu. Hatukuambiwa. Tungekuja.”

Watu walikuwa wamekwisha kuja, wengi tu, siku ile ya mazishi. Lakini hakuna aliyewahi kuketi kwenye chumba kile na kusema neno lile. Wakesho aliweka mikono usoni akalia. Mwanamke mzee hakumbembeleza wala hakumwuliza kitu. Alisogeza kiti kikawa karibu, akangoja.

Alipotulia, Wakesho alimweleza yote: kwamba aliyekufa ni mume wake, kwamba ndiye aliyelichora lile jicho, na kwamba Kunde yenyewe ni nzima, haijafa wala kuuzwa. Mama Mkamburi alisikiliza, lakini alionekana haamini ile sehemu ya mwisho. Basi Wakesho akaiwasha ile simu. Haikuchukua muda ikalia. Alikuwa binti.

“Mama, uko wapi? Nimepiga tangu juzi. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya kuja.”

“Niko hapa kwa mchoraji,” Mama Mkamburi akamwambia. “Usije. Au njoo, lakini si kwa msiba.”

Mama Mkamburi alipokwisha kushuka ngazi, Wakesho aliufungua ule mchoro wa zamani, na safari hii hakuufunga. Alifanya kazi mchana kutwa. Ile mikwaruzo ya brashi aliiondoa yote, kwa sababu kweli ilikuwa doa. Rangi aliing’arisha. Ukingo wa punje aliulainisha hata ukaonekana vizuri kwenye simu ndogo kuliko zote. Alipofika kwenye jicho alijaribu kulinyoosha, kama alivyotaka tangu zamani. Mara ile punje ikawa punje tu, ya mtu yeyote. Akalirudisha upande. Akalifuatisha kama mkono wa Mwadime ulivyopita, hata pale wino ulipozidi kidogo kwenye ncha. Pale alipaacha vilevile.

Kesho yake aliomba kamati ikutane.

“Sasa tufanyeje?” Malemba alimwuliza. “Turudishe ile ya zamani kama ilivyokuwa?”

“Hapana, Mwenyekiti. Ile ilikuwa imechakaa. Kunde haiingii chunguni bila kuoshwa, hilo halina ubishi. Lakini hata uioshe namna gani, jicho lake halitoki, na ndilo linalokuonyesha kwamba hii ni kunde. Mimi nililitoa kwa makusudi.”

“Ulisema linaichafua.”

“Nilisema hivyo. Ukweli ni kwamba alilichora Mwadime, na nilikuwa siwezi kulitazama.”

Baadhi ya wajumbe walitazama mikono yao. Mwishowe katibu, kijana aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, akauliza kwa upole aandike uamuzi gani.

“Andika hivi,” Wakesho akasema. “Osha kunde, jicho liache.”

Malemba aliichukua sentensi hiyo. Siku mabango mapya yalipogawiwa aliisoma kwa kipaza sauti, bila kuongeza maelezo yoyote. Hayakuhitajika. Akina mama waliinua mabango wakayatazama. Mama Mkamburi aliliweka lake juu ya viazi, akarudi nyuma hatua moja, akasema, “Ah, ni yeye. Amenawa uso.” Wakacheka, na kabla ya jua kupanda sana mtu wa kwanza alikuwa amenunua kwa Kunde.

Si wote waliorudi. Mji mmoja wa tambarare ulijitoa moja kwa moja, na kuna wauzaji ambao mpaka leo hawaigusi Kunde. Imani ikishaondoka hairudi yote. Lakini sarafu iliishi, na sasa mnaitumia ninyi kununulia maandazi.

Watu wakaanza kulitumia neno lile kwa mambo mengine. Waliotaka kubomoa nyumba ya babu wajenge mpya waliambiwa hivyo, wakabakiza baraza. Kwaya ilipobadilisha ala za wimbo wa zamani iliambiwa hivyo. Hata bwana harusi aliyetaka mkewe abadili jina, mavazi na marafiki aliambiwa hivyo, tena na mama yake mwenyewe. Wengi wao hawakumjua Wakesho, wala Mwadime.

Naye Wakesho? Aliendelea na kazi katika chumba kile. Meza aliirudisha ilivyokuwa, ikaitazama ile nyingine ambayo haikupata mtu. Siku za soko alishuka hata kama hakuwa na cha kununua. Alipita polepole katikati ya vibanda, na kila kibanda kilikuwa na bango, na kila bango lilikuwa na jicho limegeuka kando. Watu walipita wakiyatazama mara moja na kuendelea na shughuli zao. Hakuna aliyejua kwamba anautazama mkono wa mtu. Yeye alijua. Alifika mwisho wa safu ya vibanda, akasimama kidogo, kisha akarudi alikotoka, akiyapita yote mara ya pili.

Basi fundi mliyemsikia leo hakuwa anapika. Aliambiwa ukuta umechakaa, upakwe rangi, naye ameupaka. Ila pale juu ya mlango kuna majina ya waliolijenga kanisa, yamechongwa kwa mkono, na kijana mmoja alitaka yasawazishwe kwa saruji ili ukuta uwe laini. Ndipo fundi akamjibu: Osha kunde, jicho liache.