Nani Alisema "Usiniache"?

Sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana jambo hili limenivuruga kichwa mimi mwenyewe ninayelisimulia.

Malindi walikuwako marafiki watatu, wanawake, wote hawajaolewa. Nasra alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini akitazamwa na watu, koo linafunga. Mwanasha alikuwa na uso. Akijifanya analia, nawe utatafuta leso. Ila akiimba, paka wanahama mtaa. Riziki alikuwa na Kitaliano, alichokiokota jikoni mwa hoteli ya Wataliano. Sauti hana, na jukwaani hapandi.

Basi ikaandaliwa opera, ule mchezo wa Kitaliano ambao watu hawasemi, wanaimba tu, hata mtu akichomwa kisu. Watatu hawa wakagawana mwanamke mmoja. Mwanasha jukwaani akifumbua na kufumba mdomo, Nasra nyuma ya pazia akiimba, Riziki kando yake na karatasi akimnong'oneza maneno. Kamera nayo inarekodi.

Ikafika pale mwanamke anapokufa. Feni ikapeperusha karatasi. Riziki akapiga magoti kuziokota, na huku Nasra anazidi kwenda mbele na wimbo, Riziki akamnong'oneza kwa hofu, "Usiniache!" Yaani, ningoje.

Nasra, kwa pupa, hata lugha hakuipambanua. Akadhani ndiyo maneno yenyewe. Akaliimba neno lile, akalivuta hadi likagonga dari.

Mwanasha alikuwa chini, anakufa. Hakulitarajia, na likampata. Akatokwa na machozi ya kweli, akanyoosha mkono kwa mtu asiyekuwepo.

Video ikafika Witu kwa Athmani, mgane ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa akila kwa kusimama, ili asikione kiti cha pili. Katika opera nzima alielewa neno moja tu. Akalirudia hadi jirani wakagonga ukuta. Kisha akatuma mshenga.

"Tumeona ua bustanini kwenu," akawaambia wale watatu mshenga, Bi Fauzia.

"Lipi, mama?"

"Yule aliyekufa."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Aliuona uso wangu," akasema Mwanasha. "Bila machozi yangu angezima televisheni."

"Uso bila sauti ni picha ya ukutani!" akajibu Nasra. "Sauti yangu ndiyo aliyoisikia."

"Na neno je?" akauliza Riziki. "Lilitoka kinywani mwangu. Tena ni mimi peke yangu niliyeomba kweli nisiachwe."

Athmani akaitwa Malindi, akakaribishwa sebuleni kwa chai. Walipomwona, mpole, kanzu imepigwa pasi na mkono usiozoea, wote watatu wakampenda. Basi hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Akamtazama mmoja, akafumba macho amsikie wa pili, akamwomba wa tatu anong'one. Akazidi kuchanganyikiwa.

Bi Fauzia akamnong'oneza, "Baba, si uwaoe wote?"

"Nilimsikia mmoja tu," akasema Athmani. "Aliniambia nisimwache. Nikikosea leo, nitakuwa nimemwacha."

Chai imepoa, na bado amekaa pale sebuleni. Mmoja alilisema bila kuliimba, mmoja aliliimba bila kulielewa, mmoja alililia bila kulisema. Je, wewe ungemwambia amshike nani mkono?