Ufunguo wa Moto

Katika kijiji kimoja cha milimani, nchini China, aliishi mzee aitwaye Meng, aliyekabidhiwa ufunguo wa kibanda chenye moto. Moto huo uliwashwa na wapiganaji wa mapinduzi waliopita pale wakati wa vita. Mmoja wao aliacha shairi, nalo likachongwa kwenye jiwe mlangoni: moto huu ni moyo wetu, na mikono yetu ndiyo kuni.

Desturi ya kijiji ilikuwa kuombana moto. Aliyezimikiwa na jiko alikwenda kwa jirani na chungu, akapewa kaa. Hata moto wa wapiganaji uliombwa hivyo kwa miaka mingi. Lakini shairi lilipopata sifa na wageni wakaanza kuja, halmashauri ya kijiji iliketi, ikaamua kwamba moyo haugawanywi. Tangu hapo hakuna kaa lililoruhusiwa kutoka. Sidai kwamba walikuwa na nia mbaya. Walilipenda shairi, na upendo wao ulikuwa wa kweli. Nasema tu kwamba katazo lao halikuwa kwenye jiwe.

Asubuhi moja paa la nyumba ya mama mmoja, Qiu Lan, lilielemewa na theluji, likaangukia jiko. Alikuwa na mtoto mchanga. Kiberiti kilikuwa kimelowa, na njia ya kwenda kwa majirani ilikuwa imezibwa. Kibanda peke yake ndicho kilichofikika. Alifika na chungu mkononi, mtoto kifuani, midomo ya mtoto imeanza kubadilika rangi. Meng alimwonyesha jiwe, akaanza kumfafanulia maana ya moyo.

Lan alimsikiliza kidogo, kisha akasema, "Ami, shairi ninalijua. Mimi nimekuja kuomba kaa."

Meng alilisoma jiwe upya, neno kwa neno, kama mtu asomaye hati ya mashtaka yake mwenyewe. Kisha akafungua mlango, akakijaza chungu.

Mtoto aliishi. Njia zilipofunguka, halmashauri ilimwita Meng ajibu shtaka la kuupunguza moyo wa mapinduzi. "Leo kaa, mzee," mwenyekiti alimwambia, "kesho utawagawia na jiwe wafanye figa." Watu walicheka. Meng aliomba jambo moja tu: waingie, wamwonyeshe mahali moto ulipopungua. Waliingia wote, wakatazama kwa muda mrefu, wakatoka bila kupaona. Hata hivyo walimnyang'anya ufunguo, kwa hoja kwamba amri huvunjwa hata pasipo hasara, wakampa mtu mwingine.

Wageni bado hupelekwa pale. Husomewa shairi kwa sauti nzuri, wakiwa nje ya mlango uliofungwa. Lan naye, akijiwa na mtu mwenye chungu, humpa kaa bila kumuuliza neno. Basi pimeni ninyi wenyewe: moto wa wapiganaji wale unawaka wapi?