Kwa Nini Njiwa Hanyanyui Kichwa Akinywa Maji

Mtazameni kuku anapokunywa. Anachota tone moja, anainua shingo juu kama mtu aliyeitwa na jirani wa ghorofani, anameza, anainama tena. Bata naye ni hivyo hivyo. Kunguru, pamoja na ujanja wake wote, hivyo hivyo. Sasa mtazameni njiwa. Njiwa anatumbukiza mdomo na kuvuta, anavuta, anavuta, mpaka kiu imekwisha, na kichwa hakijanyanyuka hata mara moja. Mimi nafuga njiwa tangu nilipoiacha shule darasa la tano, na sijamwona hata mmoja akikosea. Wale waliobaki darasani watawaambieni ni umbo la koo. Waacheni waseme. Hawajauliza koo hilo lilipata wapi umbo hilo. Mimi ninajua, kwa hiyo tulieni.

Kulikuwa na wakati ambapo njiwa hakuwepo. Jua lilikuwepo, shomoro walikuwepo na kelele zao, lakini njiwa, hapana. Wakati huo, katika nchi iliyolala baina ya mito miwili, Frati na Hidekeli, palikuwa na mji ulioitwa Uru, mji wa matofali ya udongo na mitende. Watu wa Uru hawakuwapeleka maiti wao mbali. Waliwazika chini ya sakafu ya nyumba zao wenyewe, hivi kwamba mtu akiamka asubuhi anafagia juu ya babu yake. Msikunje nyuso. Wao wangewaona nyinyi ndio wakatili, mnaowalaza wazee wenu nje peke yao na mvua inanyesha.

Roho zao zilishuka kwenye nchi ya wafu, na nchi hiyo, niseme kweli, haikuwa na raha. Giza tupu. Vumbi limelala juu ya milango na juu ya makomeo. Chakula chao udongo, maji yao kidimbwi kimoja cha matope. Sanda zikishaoza walivaa manyoya, kama ndege. Kufika huko ulipita milango saba, na kila mlango ulikuvua kitu: hapa kilemba, pale hereni, pale mshipi, mpaka unasimama mbele ya Malkia wa Chini ukiwa huna hata cheo cha kujivunia. Jina la malkia huyo watu wa Uru waliogopa kulitaja. Mimi siogopi kitu, ila jina hilo tulipite tu.

Lakini zamani hizo, na hapa ndipo ninapowaonea wivu, milango ile ilikuwa ikifunguliwa. Kila mwezi ilikuwapo siku moja ambayo mwezi hauonekani kabisa, umekwenda kupumzika. Siku hiyo, jua likiwa utosini, bawabu wa milango saba aliwaachia wafu watoke mpaka magharibi. Walipanda ngazi ya matofali katikati ya uwanja wa mji, wakakung'uta vumbi, kila mmoja akashika njia ya kwake. Mitaa ilijaa manyoya. Bibi aliyekufa miaka ishirini iliyopita alionja mchuzi na kusema bado hamjajua kutia chumvi. Babu alioneshwa kitukuu chake, akasema kimerithi masikio ya upande wa pili, asisingiziwe yeye. Ndugu wakigombea shamba, hawakwenda kwa kadhi wala kwa mfalme. Walimngoja marehemu mwenyewe.

"Baba, shamba ulimwachia nani?"

"Mkubwa achukue shamba, mdogo achukue ng'ombe. Na mimi niacheni ninywe."

Maana kitu cha kwanza walichotaka kilikuwa maji. Waliinama kwenye mtungi na hawakunyanyua kichwa mpaka umekauka. Watoto wa Uru walicheka kuona mababu wamejipanga migongo juu, manyoya yakiwacheza. Wakiulizwa, wafu walijibu kwamba chini kuna kidimbwi kimoja na foleni isiyo na mwisho. Ukinyanyua kichwa ili umeze, aliye nyuma yako ameshaingiza chake.

Basi katika mji huo aliishi mwanamke mfinyanzi jina lake Beltani. Alifinyanga mitungi, makasiki makubwa ya pombe ya shayiri, na mabomba ya udongo ya kutolea maji machafu majumbani. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Lamasi, na hao wawili hawakuwa mama na mwana tu, walikuwa mashoga. Walishinda mbele ya tanuri wakitaniana mpaka udongo unawakaukia mikononi. Lamasi alipokufa kwa homa ya siku nne, Beltani alimzika chini ya sakafu ya karakana, karibu na tanuri, apate joto.

Kila mwezi ulipopumzika, Lamasi alikuja. Hakukosa hata mara moja.

"Mwanangu, kasiki hili mbona shingo imepinda?"

"Si ulinifundisha wewe?"

"Nilikufundisha shingo. Kupinda umejifunza mwenyewe."

Walicheka, wakala mkate, wakasengenya mtaa mzima. Halafu jua likaanza kushuka na Lamasi akasimama kujikung'uta. Beltani aliichukia saa hiyo. Nusu siku kwa mwezi! Nusu siku haitoshi hata kumaliza habari za nyumba moja. Mwaka wa pili akaanza kufinyanga kasiki kubwa kuliko yote aliyowahi kuchoma, refu kama mtu aliyechuchumaa, na hakumwambia yeyote ni la nini. Ujinga huo angeweza kuufanya mfinyanzi tu. Mwingine angelia akazoea. Yeye alidhani kila kitu ukikipatia chombo chake kinakaa.

Siku ilipofika, jua likiwa limebaki kidole kimoja juu ya mitende, alimwambia mama yake, "Hebu ingia humo uniambie kama ndani pamelainika." Lamasi, fundi hata baada ya kufa, akaingia kukagua. Beltani akafunika kifuniko, akakalia.

Huko uwanjani bawabu alisimama juu ya ngazi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiye na haraka. Aliita majina, na kila aliyeitwa akasema "Nipo" akashuka. Akafika kwa Lamasi. Akaita. Akaita tena. Sauti yake ilipita mtaa hadi mtaa mpaka ndani ya kasiki.

"Naitwa, mwanangu," Lamasi akasema kutoka gizani.

"Kaa kidogo."

"Beltani. Nifungulie."

"Kidogo tu, mama."

Bawabu akaita mara ya tatu. Akangoja mpaka jua likazama lote. Kisha akawageukia watu waliosimama pale kuwaaga wapendwa wao. "Niliwafungulieni mlango wa wageni," akasema, "na nyinyi mmeugeuza mtego. Basi." Akashuka. Makomeo saba yakasikika yakisukumwa, moja baada ya jingine, chini na chini zaidi, na la mwisho lilisikika kama kokoto iliyoangukia kisimani.

Beltani alifunua kasiki. Mama yake alitoka akiwa na kimo cha mtoto wa miaka saba. Watu wa Chini hawakuumbwa kukaa huku juu, saa yao ikipita huanza kupungua. Lakini siku za kwanza Beltani hakujali. Alikuwa na mama yake asubuhi, mchana na jioni, na walicheka kama zamani. Siku ya kumi Lamasi alikuwa kama mbuzi mdogo. Siku ya ishirini kama bata. Sauti nayo ikawa nyembamba, maneno mengine yakiishia kooni.

Mwezi ukapumzika tena. Watu wa Uru, ambao hawakuyaamini masikio yao siku ile, walitandika mikeka na kujaza mitungi. Jua likapita utosini. Ngazi ikabaki ngazi. Wazee walioahidiwa kukutana na wake zao walikaa wamevaa nguo safi mpaka zikaingia vumbi. Jirani wa Beltani, mpika pombe jina lake Warad, alikuwa amechoma kimkate kidogo cha tende, akakaa nacho kwenye ngazi mpaka jua likazama. Kimkate hicho kilikuwa cha bintiye, Naramta, aliyekufa na miaka minne.

Asubuhi yake Warad alikwenda karakana kwa Beltani. Alikuwa amesikia kicheko humo ndani kwa mwezi mzima, na kicheko hicho alikijua. Alimkuta Lamasi juu ya rafu, mdogo, mwenye manyoya, amekaa kati ya vikombe. Hakupiga kelele.

"Mama Lamasi, shikamoo."

"Marahaba, Warad. Pombe yako bado ina makapi?"

"Bado."

Akakaa chini. Akamwambia Beltani bila kumtazama, "Mwanangu hajui kugombea foleni. Miaka minne, wakubwa wamejazana mbele yake. Alikuwa akinywa kwangu, siku ile moja, inamtosha mwezi. Sikuja kukutukana. Nimekuja uniambie, nani atampa maji sasa?"

Beltani alikimbia uwanjani, akaipiga ngazi kwa ngumi, akapiga kelele kwamba mchukueni, mama yangu namrudisha, fungueni. Matofali yalinyamaza. Alirudi siku ya pili na ya tatu, mpaka vidole vikachubuka. Aliporudi nyumbani mara ya tatu, Lamasi alikuwa akimngoja mlangoni, ametosha kukaa katika viganja viwili.

"Umemaliza kulia?" akauliza. Ilimbidi Beltani ainame kumsikia. "Unafinyanga nini pale ukutani?"

"Mabomba."

"Ya nini?"

"Ya maji machafu, mama. Unajua."

"Fundi mzima unajua kuondoa maji machafu kwa walio hai, unashindwa kupeleka maji safi kwa waliokufa? Malkia amefunga ngazi. Mifupa iko palepale chini ya sakafu, na mtu hatenganishwi na mifupa yake. Toboa, mwanangu. Na shingo isipinde."

Beltani aliwasha tanuri na hakulizima siku sita. Alichoma mabomba marefu, akayaunga kwa lami, na ya kwanza akayapeleka kwa Warad. Wakatoboa sakafu juu ya kaburi la mtoto, wakashusha bomba mpaka likagusa. Majirani walijaa mlangoni. Warad akalitaja jina la bintiye, akamimina maji ya kibuyu kimoja. Maji yakashuka. Wote wakatega sikio. Kimya.

"Yamemezwa na mchanga," mtu mmoja akasema. "Tunajuaje kama yamefika?"

Warad alikuwa karibu kukiweka kibuyu chini. Ndipo Lamasi aliporuka kutoka begani kwa Beltani, na ilikuwa mara ya kwanza kuruka, akatua kwenye ukingo wa bomba. "Mimina tena," akasema. "Lijaze mpaka juu." Bomba lilipojaa, akatumbukiza mdomo akaanza kuvuta kama wanavyovuta Chini, kichwa hakinyanyuki. Maji yakapungua kidogo. Halafu yakashuka ghafla, kwa nguvu, kwa sauti ya kuvutwa, yakamwacha mdomo wazi hewani. Lakini Lamasi hakunyanyuka. Alibaki ameinama, anasikiliza.

Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa yanacheka.

"Kameninyang'anya," akasema. "Kale katoto kamenimalizia yote."

Warad alikaa sakafuni akalia mpaka majirani wakatoka nje kwa adabu. Lamasi naye akacheka, na kile kicheko kikatoka kooni mwake, kuruu, kuruu, na hakikurudi tena kuwa maneno. Kupungua kulikuwa kumemfikisha pale alipokuwa akienda tangu mwanzo: alikuwa njiwa. Beltani alimwita mama usiku na mchana. Alijibiwa, ila kwa kuruu tu. Alichokitaka alikipata: mama yake hakuondoka tena. Alikaa juu ya boriti za karakana, akimtazama anavyofinyanga, na shingo ya mtungi ikipinda aliguna. Mwenzake alimpata wapi, msiniulize. Sehemu hiyo nimeiruka, na hadithi ni yangu.

Tangu wakati huo wafu hawaji kula nasi. Ngazi ya Uru imefunikwa na mchanga, na sisi tumebaki tunamimina maji chini na kutaja majina, bila kuoneshwa uso. Na njiwa, mtoto wa mtoto wa Lamasi, hakai porini kama ndege wenzake wenye akili. Anakaa kwenye mapaa ya watu, anaguna mchana kutwa, kwa sababu kuna jambo anataka kutuambia na koo limemkatalia. Na akinywa maji, hanyanyui kichwa. Yuko kwenye foleni. Anasikiliza nani anavuta upande wa pili.

Wangu mimi nawawekea maji kila asubuhi kwenye sufuria la marehemu bibi yangu lililobonyea ukingo. Kabla hawajatua nalitaja jina lake kimoyomoyo, na atakayenicheka tutakutana barabarani. Kisha nasimama nikiwatazama walivyoinama. Siwaharakishi. Bibi alikuwa mnywaji wa taratibu.